Bunduki Tuliyoizika

Asubuhi, kabla jua halijakolea, mimi na babu hukaa barazani tukitengeneza mitego ya kaa. Yeye hukaza waya uliolegea. Mimi hukata vichwa vya samaki vya chambo. Kazi hii haihitaji maneno mengi, nami sina maneno mengi. Watu wa Petit Chêne hunitania: "Odalie ukimsalimia leo, atakuitikia kesho."

Babu yangu anaitwa Ovide Verdin. Mwaka wa mambo haya alikuwa na miaka sabini na minane. Amevua kaa tangu utotoni katika vinamasi hivi vya kusini mwa Louisiana. Hapa kila mvuvi ana rangi zake kwenye maboya, ili mtu asivute mtego wa mwenzake. Rangi zetu ni kijani na nyeupe. Rangi za jirani zetu, akina Dardar, ni nyekundu na njano. Hata mtoto anayejifunza kutembea anazijua.

Jikoni kwetu, juu ya mlango, ilining'inia bunduki ya kuwindia bata. Baba yake babu ndiye aliyeinunua. Ukiipeleka dukani, mwenye duka ataicheka. Lakini kitako chake ni cha mbao, na kwenye mbao hiyo yamechongwa majina. Kila mtoto aliyezaliwa katika nyumba yetu alichongewa jina lake kwa kisu. Jina la baba yangu limo. Chini yake nipo mimi.

Baba alizama baharini nikiwa na miaka tisa. Picha zake zilichukuliwa na maji ya tufani moja ya zamani. Kwa hiyo nilipomkumbuka baba, nilipanda juu ya kiti nikapapasa kitako cha bunduki.

Mwaka uleule aliokufa niliacha shule. Kusoma kwangu kulibaki palepale. Ninasoma, lakini polepole, na midomo inatembea.

Mwezi wa sita, Bi Earline Billiot aliitisha mkutano katika ukumbi wa kanisa. Bi Earline alikuwa karani wa mahakama mpaka alipostaafu. Siku hizi anawafundisha wawindaji kutumia bunduki kwa usalama. Mkutano ulikuwa wa kueleza sheria za bunduki wakati wa tufani.

"Nenda wewe," babu aliniambia. "Una masikio mapya. Ukirudi utanieleza."

Nilikwenda mpaka mlangoni. Nikachungulia. Bi Earline alikuwa akigawa karatasi, na kila mtu alisoma kipande kwa sauti, zamu kwa zamu. Viti vilivyobaki vilikuwa vitatu. Nikahesabu: nikikaa, zamu yangu itafika. Nikarudi nyumbani.

"Wamesema nini?" babu akauliza.

"Hakuna jipya," nikajibu.

Maneno mawili tu. Aibu yangu yote ilianzia hapo.

*

Tufani ilikuja mwisho wa mwezi wa nane. Redio ilitangaza hali ya dharura, na wilaya ikatoa amri watu wote wa vinamasini wahame.

Mchana ule Renald Dardar alikuja kwetu. Renald ni askari wa wilaya, na pia ni jirani yetu wa tangu zamani. Mama yake, Bi Ozelia, alivua kaa pamoja na babu miaka mingi. Alikuwa amefariki miaka miwili kabla.

"Babu, amri imetoka," Renald alisema. "Kesho asubuhi nitapita na boti ya wilaya. Mfungashe mapema."

"Nimeziona tufani kumi na moja, Renald. Hii haitanifundisha kuogelea."

"Ndiyo maana nakuomba, sikuamuru."

Babu akacheka kidogo. Kisha akauliza, "Na bunduki yangu?"

"Ukipanda boti utanikabidhi. Nami nita..."

"Nikukabidhi!" Babu alisimama. Mtego ukaanguka. "Mwaka 2005, wakati wa ile tufani kubwa, binamu yangu Télesphore aliikabidhi yake kule mjini. Askari walipita nyumba kwa nyumba wakasema ni hali ya dharura. Télesphore alikufa hajaiona tena."

"Babu, nisikilize kwanza. Hiyo ilikuwa zamani. Sheria sasa..."

"Sheria unaivaa wewe kiunoni. Mimi sina. Nenda, mwanangu. Kesho njoo na boti, usije na mkono mtupu wa kupokea vya watu."

Renald alinigeukia. "Odalie, si kulikuwa na mkutano wa Bi Earline? Mweleze babu."

Nilitazama chambo changu. Renald akashusha pumzi, akaondoka.

Babu aliingia stoo. Alitoka na bomba la plastiki, lile nene la maji machafu. Akaipaka bunduki mafuta, akaifunga kwa kitambaa, akaitia ndani ya bomba. Akaziba ncha zote mbili kwa vifuniko na gundi. Babu ni fundi hodari wa gundi. Hata hewa isingepenya.

"Tutaizika chini ya mti wa tini," alisema. "Serikali ije itafute."

Gundi ilipokauka, akachukua mkebe wa rangi. Akapaka kila ncha mistari miwili, wa kijani na mweupe.

"Babu, si tunaificha?" niliuliza.

Akatazama burashi mkononi. "Ah! Mazoea." Hata hivyo, hakuifuta.

Nilichimba mimi. Katika ardhi yetu, ukipiga koleo mara mbili tu, shimo linaanza kulia maji. Tukalilaza bomba, tukalifunika kwa matope, tukaweka matawi juu.

Asubuhi maji yalikuwa yamefika ngazi ya tatu. Renald alikuja na boti, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alimbeba babu mgongoni mpaka botini. Kisha akauliza kwa upole, "Bunduki iko wapi, babu? Niambie tu, tuitoe risasi, nikuandikie risiti."

"Nimeiuza."

Renald alitazama koleo lililoegemea ukuta. Akatazama viatu vyangu. Vilikuwa na matope mapya mpaka kwenye vifundo. Akawasha mashine, tukaondoka.

*

Tulirudi baada ya siku kumi na mbili. Nyumba ilisimama, ila kila kitu ndani kilikuwa na rangi ya matope. Babu hakuingia ndani. Alizunguka moja kwa moja hadi kwenye mtini.

Shimo lilikuwa wazi. Ndani yake mlikuwa na maji na kaa mmoja mdogo.

Nilichimba tena. Nilichimba huku na huku mpaka mikono ikatoka malengelenge. Hakuna bomba. Babu alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akawa mdogo ghafla. Alikuwa akipitisha kidole gumba juu ya paja lake, taratibu, kama mtu anayesoma majina kwa kupapasa.

"Nani alijua?" aliuliza.

"Hakuna aliyejua," nikasema. Halafu nikakumbuka. "Renald aliyaona matope kwenye viatu vyangu."

Jumapili kulikuwa na mkutano kwenye kituo cha zimamoto. Wakubwa wa wilaya walikuja kusikiliza shida za watu. Renald alikuwa amesimama ukutani, kofia mkononi, pamoja na mkuu wake. Watu walilalamika kuhusu umeme na maji. Babu alikaa kimya kando yangu. Alikuwa hajala vizuri siku mbili.

Sijui miguu yangu ilisimamaje. Nilijikuta nimesimama.

"Renald Dardar ameiba bunduki ya babu yangu," nilisema. "Tuliificha, yeye akaona. Tuliporudi haipo. Kwenye kitako chake kuna jina la baba yangu."

Watu wakageuka kunitazama. Kisha mtu wa nyuma akapaza sauti, "Ni yaleyale ya 2005!" Mwingine akapiga makofi. Wakapiga makofi wengi. Mwanamke mmoja alinishika bega akaniambia, "Vizuri, binti! Leo umefungua mdomo!"

Ninaona aibu kuandika hili, lakini nitaliandika. Nilifurahi. Maisha yangu yote hakuna aliyewahi kunipigia makofi.

Renald hakujitetea sana. "Sikuigusa, Odalie," alisema. "Hata kwenu sikurudi."

Mkuu wake akatangaza kwamba Renald atakaa kando na kazi mpaka uchunguzi uishe. Renald akafungua beji yake kifuani, akaiweka mezani mbele ya watu wote.

Wiki ile aliendelea kuja kituoni, bila sare, kusaidia kugawa barafu na maji ya kunywa. Watu walikwepa mstari wake. Walisimama juani kwenye mstari mrefu wa pili, ilhali wake ulikuwa mtupu. Mzee mmoja akamtania kwa sauti, "Angalieni barafu zenu, huyu ana mikono mirefu!" Watu wakacheka. Mimi pia nilisimama kwenye mstari ule mrefu. Siku ya tatu Renald hakuja tena.

*

Tufani ile ilifanya jambo lingine, ambalo kwetu si geni. Ilitoa wafu. Ardhi yetu ni laini na maji yako karibu. Mafuriko yakija, majeneza huinuka na kuelea. Baada ya maji kupungua, ndugu huingia vinamasini kuwatafuta watu wao. Bi Ozelia, mama yake Renald, alikuwa mmoja wa waliopotea. Renald, kwa kuwa hakuwa na kazi, alimtafuta kila siku tangu alfajiri, peke yake, katika mtumbwi.

Siku ya tisa, saa ya kahawa ya mchana, niliona mtumbwi wake ukija kwenye gati letu. Bi Earline alikuwa amekaa mbele. Renald alikuwa na matope mpaka kifuani. Aliinama, akainua kitu kirefu, akakiweka juu ya mbao za gati.

Lilikuwa bomba. Kwenye ncha zake, chini ya matope, palikuwa na mistari ya kijani na nyeupe.

"Lilikuwa limenasa kwenye matete nyuma ya makaburi," Renald alisema. "Vifuniko havijafunguliwa. Kagueni."

Babu alilikagua. Gundi ilikuwa nzima. Alikata kifuniko kwa msumeno, akavuta kitambaa. Bunduki ilitoka kavu kama siku tuliyoitia. Nikaliona jina la baba. Nikaliona langu.

Natamani mtu angenitukana.

"Bi Ozelia je?" babu aliuliza mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Bado," Renald alijibu. "Nilikuwa namtafuta mama. Nimepata hii."

Babu akafunika uso kwa kofia.

Bi Earline alipanda gatini, akaketi bila kukaribishwa. Ni mama mnene mwenye sauti ya kuita watu mahakamani. "Ovide," alisema, "wewe umeishi hapa miaka sabini na minane. Unachukua bomba, unalijaza hewa, unaliziba lisipitishe hata pumzi, halafu unalizika katika matope haya? Hapa hata marehemu hawatulii chini!"

Siku nyingine tungecheka.

"Niliogopa wataichukua," babu alisema.

"Odalie alikuja mkutanoni kwangu. Nilimwona mlangoni. Hakukueleza?"

Babu alinitazama. Nilihisi masikio yangu yanawaka. Ningeweza kunyamaza kama kawaida yangu.

"Sikuingia, babu," nilisema. "Walikuwa wanasoma kwa sauti. Nilikuambia hakuna jipya. Sikusikia hata neno moja."

Babu hakunikaripia. Alitikisa kichwa tu, pole pole, na hilo liliniuma zaidi.

"Basi utasikia leo," Bi Earline alisema. "Na hakuna wa kusoma. Sikiliza. Hali ya dharura inaipa serikali nguvu nyingi. Inaweza kufunga barabara. Inaweza kuamuru watu wahame. Inaweza kuweka saa za kutotoka nje. Lakini haiwezi kukunyang'anya bunduki unayoimiliki kihalali kwa sababu tu kuna tufani. Mwaka 2005 walifanya hivyo mjini, na Télesphore hakukosea kulalamika. Watu walikwenda mahakamani. Mwaka uliofuata zikatungwa sheria za kukataza, ya nchi nzima na ya jimbo letu."

"Mbona Renald alisema nimkabidhi?" babu aliuliza.

"Kwa sababu ya boti. Ukipanda chombo cha uokoaji, wanaweza kukutaka uiweke mikononi mwao kwa muda wa safari. Boti ina watoto, ina wagonjwa, inayumba. Safari ikiisha, unarudishiwa. Askari akiona hatari ya kweli mbele yake, anaweza pia kuishika kwa muda mfupi. Naye atairudisha, isipokuwa kama anakukamata kwa kosa au bunduki ni ushahidi."

Nilikuwa na swali. "Na akikataa kuirudisha?"

"Swali zuri. Ndiyo maana unaomba risiti. Iwe na jina lako, jina la askari, namba iliyopigwa kwenye chuma cha bunduki, na mahali pa kuichukua. Namba hiyo uiandike nyumbani kabla ya tufani, na upige picha. Akikataa, una karatasi ya kumpeleka nayo mahakamani. Ila wewe nawe una wajibu wako. Toa risasi mapema. Mwambie askari bunduki iko wapi kabla hujaigusa. Usiifiche kwenye mizigo. Na mtu aliyekatazwa kisheria kuwa na bunduki, asidhani tufani inampa ruhusa."

"Hayo ndiyo niliyotaka kuwaambia barazani," Renald alisema. Hakusema kwa hasira. Alikuwa amechoka tu. Akageuka kuurudia mtumbwi.

"Kaka Renald," niliita. Hakugeuka. "Jumapili nitasimama tena."

"Ni juu yako, Odalie," alisema, akapiga kasia.

*

Jumapili nilisimama. Kituo kilikuwa na watu walewale. Bomba lilikuwa mezani, limekatwa, rangi zake zikionekana.

"Nilisema Renald Dardar ni mwizi," nilianza. Sauti ilikatika. Nikaanza upya. "Nilisema uongo. Sikujua ni uongo, lakini pia sikujua kama ni kweli, na nilisema. Bunduki iliinuka na maji. Yeye ndiye aliyeileta. Mlimkwepa kwa sababu yangu. Naomba mnilaumu mimi."

Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Feni ilizunguka. Yule mzee wa utani wa barafu alitazama viatu vyake. Mkuu wa Renald akatoa ile beji mfukoni, akampelekea pale pale alipokaa. Renald aliipokea, lakini hakuivaa siku ile.

Kesho yake mimi na babu tuliingia kinamasini na boti yetu. Hatukuomba ruhusa. Tulitafuta upande wa magharibi, Renald akatafuta mashariki. Siku ya nne babu aliliona jeneza la Bi Ozelia, limeegemea mti wa mvinje wa majini, halijafunguka. Babu alivua kofia, akamsalimia kwa jina kama alivyozoea walipokutana asubuhi kwenye mitego.

Siku ya kumzika tena, watu wengi walikuja. Kabla jeneza halijashushwa, babu alimsogelea Renald.

"Mwanangu, nina ombi la kijinga. Mama yako alikuwa na rangi zake. Akielea tena siku nyingine, ajulikane mapema."

Renald alilitazama jeneza. Kisha akasema, "Apake Odalie. Mkono wako wewe unatetemeka."

Nilipiga magoti kwenye matope. Nikapaka mstari mwekundu, kisha wa njano. Nilijitahidi usipinde.

*

Baada ya miaka miwili tufani nyingine ilikuja. Namba ya bunduki ilikuwa imeandikwa kwa mkono wangu ndani ya kabati. Tangu ile aibu nilikuwa nikikaa na Bi Earline kila Jumatano, tukisoma karatasi zake.

Renald alikuja na boti asubuhi. Babu alikuwa ameshatoa risasi na kufungua bunduki, imelala mezani kila mtu aione.

"Leo hakuna bomba?" Renald aliuliza.

"Bomba tumelifanya mfereji wa kuku kunywea," babu alijibu. Renald akacheka. Mara ya kwanza kucheka nasi tangu siku ile.

Aliandika risiti, akanikabidhi mimi. Watu walikuwa wakisubiri botini. Maji yalikuwa yanapanda.

"Ngoja kwanza," nilisema. "Niisome."

"Soma," alisema Renald.

Nilisoma kwa sauti, jina la babu, jina lake, namba, tarakimu moja baada ya nyingine. Midomo yangu ilitembea na watu waliona. Tarakimu ya sita ilikuwa imekosewa. Nikamwonyesha. Akaifuta, akaandika iliyo sawa, akatia saini pembeni.

Jioni, kwenye uwanja wa shule tulikohifadhiwa, alitoa bunduki ndani ya sanduku la chuma, akalinganisha namba, akamrudishia babu. Kwa kuwa bunduki hairuhusiwi shuleni, mlinzi wa shule akaifungia kwenye kabati, nasi tukapewa risiti nyingine. Niliisoma hiyo pia.

Wakati wa kuondoka, Renald alisimama mlangoni. "Usiku mwema, Odalie."

Nilimwitikia siku ileile.